Tufungue masanduku: nguo za zamani na kazi ya mshonaji wa leo

Maneno haya yalisemwa na mkufunzi wa atelye yetu ya kushona mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Luvungi. Tunayaandika kwa wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.

 

Komite iliniomba niseme juu ya mashini. Wanataka kujua kama tuombe mashini zingine za kushona, ao hapana. Nitajibu. Lakini mbele ya kujibu, nataka tuongee kwanza juu ya kile tunachoshona.

Mashini tulizo nazo zinatembea. Ni mashini za miguu, haziombi umeme. Shida yetu iko pengine. Pita barabarani hapa, hesabu washonaji, angalia nguo walizotundika mlangoni. Wote tunashona modeli moja. Msichana anaona gauni katika simu, analeta picha, tunakopi. Kesho jirani anakopi ile ile na anapunguza bei. Kesho kutwa mwingine anapunguza tena, mpaka mshonaji anabaki na makuta ya uzi tu. Na pembeni yetu kuna nguo za chagua zinazotoka Ulaya katika mabalo. Kwa bei, hatutazishinda hata siku moja. Basi swali langu ni hili: tuko na nini ambacho chagua haina?

Ninasema tuko nacho. Kiko katika masanduku ya mama zetu, katika picha za zamani, na katika kazi ya mikono ya mababu. Shida ni kwamba vita ilitutenganisha nacho.

Munajua wote kwamba kikwembe kwa mwanamke wa kwetu si nguo tu. Ni benki yake. Anapewa siku ya mahari, anapewa akizaa, ananunua akiuza mihogo vizuri, anakunja anaweka. Siku ya kukimbia, mama alifunga mtoto mgongoni na vikwembe kichwani, akavuka Ruzizi. Kule kambini kimoja kiliuzwa juu ya dawa, kingine juu ya unga. Vile vilivyobaki nyumbani viliibiwa. Tuliporudi tulihesabu mbuzi tuliopoteza, tukahesabu mabati na milango. Hakuna aliyehesabu modeli. Lakini binti aliyezaliwa Burundi ao Nyarugusu hajaona blauzi ambayo bibi yake aliolewa nayo. Atajifunza wapi? Anajifunza katika simu.

Wengine wataniambia: kikwembe chenyewe si cha kwetu. Ni kweli. Ile tunayoita waksi ilianza kwa kuiga kitambaa cha kisiwa cha Java, kule Indonesia, ambako wamama walichora kwa nta na kutia rangi. Waholanzi walijaribu kuifanya kwa mashini. Kampuni tunayoijua leo kwa jina la Vlisco ilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond. Lakini kitambaa kilipofika Afrika, wamama wa soko ndio waliokipa maneno. Kuna waksi yenye ndege anayetoka katika kizimba, ikaitwa kwa Kifaransa «ukitoka, nami natoka». Mama akiivaa, bwana anaelewa bila kuambiwa! Kuna ingine inaitwa «bwana yangu anaweza». Mholanzi alileta rangi, sisi tukatia akili na maana. Ndiyo maana ninasema ni yetu.

Sasa tuangalie wakati wa wazazi wetu. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire. Mobutu alileta siasa yake ya kurudia asili. Wanaume waliambiwa waache kostimu na karavati, wavae abakosti. Wamama waliambiwa waache suruali na nywele za bandia, wavae kikwembe. Ilikuwa amri, na mambo mengi ya utawala ule hatuyalilii. Lakini ndani ya amri ile washonaji walitumia kichwa. Ukilazimishwa kitambaa kimoja, unatafuta uhuru katika mkono, katika shingo, katika kiuno. Angalieni picha za miaka ile: mikono iliyovimba begani, shingo iliyokatwa mraba, jipe iliyobana mpaka magoti na kikwembe cha pili kimefungwa juu. Ndiyo ile komple ya yadi 6: yadi 2 za jipe, 2 za blauzi, 2 za kufunga. Na vitambaa vingine vilitoka katika viwanda vya nchi: Utexléo kule Kinshasa, Filtisaf kule Kalemie, Sotexki kule Kisangani. Wazee wa bonde hili la Ruzizi wanakumbuka mashamba ya pamba.

Picha zile ni shule. Kinshasa ilikuwa na mpiga picha Jean Depara, aliyekufa mwaka 1997. Tangu miaka ya 1950 alipiga picha watu wa mji katika baa na katika dansi. Leo picha zake zinaonyeshwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya, na mtu anayetaka kujua namna mwanamke wa Léopoldville alivyovaa anaziangalia. Sisi hatukuwa na Depara, lakini kila mji mdogo ulikuwa na studio, na picha nyingine zimebaki kwa mashangazi walio Bukavu, Uvira, Bujumbura.

Tuendelee mbele kidogo, mpaka kazi za sanaa zenyewe. Kule Kasai, Wakuba wanafanya kitambaa cha rafia. Wanaume wanafuma, wanawake wanadarizi juu yake mistari na pembe, na mstari unaweza kugeuka katikati ya kitambaa bila kufuata ule wa jirani. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alikuwa nazo, alizitundika ukutani na kuziangalia katika kazi yake. Mtu mkubwa wa Ulaya alijifunza kwa mwanamke wa Kasai ambaye jina lake halikuandikwa. Na sisi tunaoishi katika nchi moja naye tunaona aibu kujifunza kwake!

Wala hatuhitaji kufika Kasai. Chukua kikapu cha bibi. Ile mistari ya meno inayozunguka, nyeusi na nyeupe, ni modeli tayari. Ukikata vipande vya waksi vilivyobaki, vya upana wa sentimeta 5, ukaviunga kwa kufuata kikapu, unapata ukanda wa kushonea chini ya jipe ao kwenye mkono. Vipande vile leo tunavitupa ao tunawashia moto.

Lakini niweke onyo hapa. Si kila kitu ni cha kushonea. Walega wa Mwenga na Shabunda wana kofia za Bwami zenye simbi. Kofia ile inaonyesha cheo, mtu anakifikia kwa miaka mingi. Wabelgiji walikataza Bwami mwaka 1948, na wazee waliilinda hata hivyo. Usiichukue ukaifanya pambo la saki. Uliza wazee kwanza. Simbi ziko sokoni, lakini heshima haiuzwi.

Na musifikiri mambo haya ni ya wazee peke yao. Anifa Mvuemba alizaliwa Nairobi kwa wazazi Wakongomani, akakulia Marekani. Alijifundisha kushona yeye mwenyewe, nguo zake zinaitwa Hanifa. Mwezi wa tano mwaka 2020, wakati korona ilifunga dunia, alionyesha nguo zake katika intaneti bila msichana hata mmoja wa kuzivaa: magauni yalitembea peke yake, yaliyotengenezwa kwa kompyuta. Aliita kazi ile Congo, na gauni moja lilikuwa na rangi za bendera yetu. Mbele ya nguo aliwaambia watu juu ya watoto wanaochimba koltani. Dunia nzima ilitazama. Mtoto wa watu walioondoka Kongo alijua kwamba mali yake ni kule wazazi walikotoka. Sisi tuko huku huku.

Basi naomba mambo matatu.

La kwanza: kila mwanachama atafute picha moja ya zamani ya mama, bibi ao shangazi, ao nguo moja iliyobaki. Hatutaichukua. Tutapiga picha na tutarudisha siku ile ile. Na hakuna atakayekata kikwembe cha mama wa mtu.

La pili: tutoe patroni bila kufumua nguo. Wanafunzi wameanza kujua: unatandika blauzi juu ya karatasi ya mfuko wa simenti, unatoboa kwa sindano kufuata mshono, unaongeza sentimeta moja na nusu pande zote, unakata. Mkono uliovimba ni rahisi: unakata patroni ya mkono kwa mistari, unaipanua juu begani, halafu unakunjakunja kwa uzi. Kila patroni tuiandikie jina la mwenye nguo, mahali ilipotoka na mwaka kama unajulikana. Hicho kitakuwa kitabu chetu cha modeli.

La tatu: tusiache kazi inayotulisha. Uniforme za shule, blu na nyeupe, ndizo zinaleta chakula mwezi wa tisa. Nguo za kwaya na kikwembe cha tarehe 8 mwezi wa tatu vinasaidia pia. Lakini bibi-arusi, yeye hataki kufanana na mtu. Huyo ndiye tumushonee kutoka katika kitabu. Jirani atakopi? Atakopi. Lakini hatakuwa na karatasi iliyoandikwa jina la bibi ya yule msichana, na mshono wa ndani usiofumuka.

Sasa jibu langu kwa komite, na kwa wafadhili. Mwaka huu tusiombe mashini mpya. Tuombe mita za kupimia, makasi mazuri, karatasi, pasi mbili za makaa, kabati moja lenye kufuli, na nauli ya vijana wawili waende Bukavu na Uvira kukusanya picha kwa jamaa zetu. Ni feza kidogo kuliko mashini tatu. Mashini inaweza kuibiwa tena, tumeshaona. Modeli ikiwa katika mikono ya wasichana ishirini, mwizi ataibeba namna gani?