Hirola Jirani Yetu: Kwa Nini Damu Mpya Inahitajika

Wazee, akina mama, vijana na wafugaji wa Lamu, mada ya leo ni hirola. Nchini Kenya, makazi yake ya asili ni nyanda kavu za mashariki ya mto Tana, katika kaunti jirani ya Garissa. Kwa mbali hufanana na kongoni, lakini usoni ana alama nyeupe kuzunguka macho, kama aliyevaa miwani.

Miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Sotoka ya miaka ya 1980, ukame, uwindaji na kupungua kwa malisho vikawapukutisha. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500 duniani kote. Baadhi walipelekwa kufugwa ng'ambo, Marekani ikiwemo, lakini kizazi chao hakikudumu.

Kenya nayo ilihamishia hirola Tsavo Mashariki mwaka 1963, na tena 1996. Mara ya pili wakazi wa Garissa walikwenda mahakamani kuzuia wanyama wao wasichukuliwe, na mahakama ikawasikiliza. Mwaka 2012, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini huko Ijara, wenyeji na washirika wao walizungushia eneo uzio wa kuzuia simba na mbwa mwitu, wakaingiza hirola 48. Tangu hapo idadi imezidi maradufu.

Ni habari njema, lakini mfugaji wa Witu au Hindi atauliza swali la maana: madume ni wangapi? Mfugaji anajua kwamba beberu mmoja akiachwa azalishe mabinti na wajukuu zake, baada ya miaka vitoto huzaliwa dhaifu na maradhi huwaangusha kwa pamoja. Ndiyo maana beberu huazimwa au hubadilishwa na jirani.

Hirola naye dume mmoja hushika kundi la majike na kuwafukuza wenzake. Chukua mfano wa hirola 48 ambao madume wanaozalisha ni 8 na majike ni 40. Kwa hesabu ya wataalamu wa vinasaba, kundi hilo ni sawa na wanyama 27 tu. Kila kizazi hupoteza sehemu ya urithi wake, na urithi uliopotea haurudi hata idadi ikiongezeka.

Choroa wa Arabuni ametoa funzo. Mwaka 1962 Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori Kenya, aliongoza msafara wa kuwakamata choroa wachache waliosalia. Wakaunganishwa na wengine kutoka London, Kuwait na Saudi Arabia, na kundi la wanyama 9 likaanzishwa Phoenix, Marekani. Porini choroa waliisha mwaka 1972. Mwaka 1982 wazao wa waliofugwa wakaachiliwa Oman. Waliongezeka hadi mamia, kisha kuanzia 1996 majangili wakawamaliza karibu wote. Ufugaji ulimwokoa choroa asitoweke, ila ulinzi wa porini ulipolegea kazi ya miaka mingi iliharibika.

Kwa hirola, hatua inayofaa ni kuwatoa baadhi ya waliozaliwa ndani ya uzio wakachanganyike na walio nje, na kuleta madume wa nje ndani. Hilo litawezekana tu ikiwa walio nje bado wako hai. Kila hirola anayetembea huru kati ya Ijara na mipaka ya Lamu ni akiba ya damu ambayo uzio hauwezi kuizalisha.

Hapo ndipo mkazi wa Lamu anapohusika. Nyama ya porini inayouzwa kwa siri isinunuliwe, kwa kuwa mnunuzi ndiye anayemlipa mwindaji. Mifugo ipewe chanjo kila zoezi linapotangazwa, kwani sotoka imeonyesha kwamba maradhi ya ng'ombe hayaishii kwa ng'ombe. Dereva wa barabara ya Lamu kwenda Ijara apunguze mwendo, hasa usiku. Atakayeona mtego, au mnyama aliyejeruhiwa, amjulishe chifu au kituo cha KWS kilicho karibu.

Garissa walisema mahakamani kwamba hirola ni wao. Jirani mwema humsaidia mwenzake kulinda mali.