Mabasi ya Nairobi: Kiti Kitupu ni cha Nani?

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya madereva, makondakta na mafundi wa gereji katika mkutano wa tawi. Twaichapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini siku hiyo.)



Tumeombwa tuseme juu ya historia ya mabasi ya Nairobi: jinsi yalivyoanza, jinsi yalivyokua, na jinsi yalivyopungua. Hatukuja kusimulia hadithi za zamani ili tupitishe wakati. Ndani ya historia hii mna swali ambalo kila mmoja wetu hulibeba kila siku, nalo ni hili: basi likienda na viti vitupu, hasara ni ya nani? Tukilijibu swali hilo tutajua kwa nini kazi yetu imekuwa kama ilivyo, na tutajua la kudai.

MWANZO WA KAMPUNI

Mwaka 1934 kampuni ya London iliyoitwa Overseas Motor Transport Company ilianzisha Kenya Bus Services mjini Nairobi. Ilianza na mabasi 13 katika njia 12. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha huduma ilivyokuwa: ilikuwa karibu basi moja kwa kila njia, na likiharibika, njia nzima imelala. Baadaye kampuni ikawa chini ya United Transport, nayo pia ya Uingereza, ikakua pamoja na mji.

Tusiipambe kuliko ilivyokuwa. Ilikuwa kampuni ya siku za ukoloni, na faida yake ilivuka bahari. Mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, Waafrika wa Nairobi waliyasusia mabasi, wakaenda kazini na kurudi kwa miguu. Mabasi yalipita matupu mbele ya watu waliokuwa wakitembea. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba basi ni chuma tu mpaka abiria apande.

Na wafanyakazi wa usafiri hawakukaa kimya katika miaka ile. Fred Kubai, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa usafiri, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa East African Trade Union Congress ilipoundwa tarehe 1 Mei 1949, na Makhan Singh akawa katibu wake mkuu. Wawili hao walipokamatwa katikati ya Mei 1950, wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba dereva na kondakta hawawezi kujipanga kwa sababu kazi yao ni ya kutangatanga, mwambie asome historia.

BASI LA RATIBA

Mwaka 1966, baada ya Uhuru, Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilifanya mapatano na kampuni. Halmashauri ikapata asilimia 25 ya hisa, na kampuni ikapewa peke yake haki ya kubeba abiria kwa mabasi ndani ya mji. Tulizoee jambo hili vizuri: kampuni ililindwa isishindanwe, na kwa upande wake ilitakiwa kuhudumia mji.

Wale kati yetu waliofanya kazi katika mabasi ya ratiba wanajua maana yake. Basi lilitoka depo kabla ya jua kuchomoza, lilikaguliwa mafuta, maji, breki na matairi. Dereva alipewa karatasi ya saa zake. Kondakta alipewa tikiti zenye namba, na jioni alirudisha fedha zilizolingana na tikiti alizokata. Mkaguzi aliweza kupanda njiani wakati wowote na kuuliza tikiti. Saa ya kuondoka ikifika, basi liliondoka, liwe na abiria 60 au 6. Dereva hakuungojea umati, wala hakuukimbilia, kwa sababu mwisho wa mwezi mshahara wake ulikuwa uleule.

Ndugu, hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ratiba ni mtoto wa mshahara. Kampuni ndiyo iliyobeba kiti kitupu. Faida ya asubuhi na jioni ililipia hasara ya saa tano mchana, na njia yenye watu wengi ililipia njia yenye watu wachache. Mama mwenye mtoto mgonjwa aliweza kusimama kituoni saa tano akijua kwamba basi litapita.

MATATU YAKAJA

Mji haukungoja. Mwaka 1969 Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya 500,000, na mwaka 1979 walikuwa wamepita 800,000. Watu walijenga na kupanga mbali, mahali ambapo basi la kampuni halikufika au lilifika mara chache. Pengo hilo likajazwa na magari madogo ya watu binafsi, yaliyotoza senti thelathini, yaani mapeni matatu, na ndipo jina la matatu lilipotoka. Magari hayo hayakuwa na leseni, na polisi waliyafukuza.

Mwaka 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba matatu yaruhusiwe kubeba abiria bila ya leseni maalumu. Kuanzia siku hiyo haki ya kampuni ya kuwa peke yake ilibaki kwenye karatasi. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kuyatambua matatu rasmi, kuyakagua na kuyapa leseni.

Hatusemi kwamba matatu ilikuwa kosa. Maelfu yetu tumekula na kusomesha watoto kwa kazi hiyo, na mtu wa kando ya mji alipata gari pale ambapo hakuwa nalo. Lakini angalieni ushindani ulivyokuwa. Matatu ilikuja asubuhi na jioni, ikachukua abiria kituoni dakika moja kabla ya basi. Basi la ratiba likaachiwa saa tano mchana na viti vyake vitupu. Kampuni ilipoteza faida iliyokuwa ikilipia hasara, na huduma yote ikaanza kupwaya.

Serikali nayo ilijaribu. Mwaka 1986 lilianzishwa Shirika la Mabasi ya Nyayo, na vijana wa National Youth Service wakawekwa kuliendesha. Nauli zake zilipendwa na watu, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 shirika lilikuwa limekwisha. Mwaka 1991 Stagecoach ya Uingereza ilinunua asilimia 75 ya Kenya Bus, ikaleta mabasi mapya na rangi zake. Mwaka 1998 ikauza na kuondoka, na wenye mali wa Kenya wakachukua. Jina la Kenya Bus likaendelea, lakini ule mji wa mabasi ya ratiba ulikuwa umepita. Kilichobaki ni namba. Mtu wa Kawangware bado hutafuta 46, wa Buruburu hutafuta 58, wa Ngong hutafuta 111. Namba ni zile za basi, ila saa ya kuondoka haijulikani.

HESABU YA TAJIRI

Sasa tuulize tena: kiti kitupu ni cha nani hivi leo? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tajiri ataka shilingi 10,000 kila siku, na mafuta yala shilingi 8,000. Shilingi 18,000 za kwanza si zako. Kama nauli ni shilingi 50, yakupasa kubeba abiria 360 kabla hujaona senti ya chai. Gari la viti 33 ni lazima lijae karibu mara kumi na moja. Na bado hatujataja kamata-kamata ya njiani, wala vijana wa stendi, wala pancha.

Msongamano ukifunga barabara saa mbili, hasara ni yako. Mvua ikinyesha na watu wasitoke, hasara ni yako. Gari likilala gereji, tajiri hapati, lakini wewe hata chakula cha nyumbani hupati. Kiti kitupu kimetoka kwa kampuni kikahamia mgongoni mwa dereva na kondakta.

Hapo yaeleweka kwa nini tunangoja abiria mpaka wanakasirika, kwa nini tunapanda kandokando ya barabara, kwa nini nauli hupanda mvua ikianza, na kwa nini mtu anaendesha tangu saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku. Magazeti husema ni tabia mbaya. Wako wenye tabia mbaya, hatukatai. Lakini mpe dereva aliye mpole kuliko wote hesabu ile ya 18,000, kisha mtazame baada ya miezi mitatu. Haraka haraka haina baraka, twajua sote. Ila anayefukuzwa na hesabu hachagui mwendo.

SHERIA IPO, MKATABA HAPANA

Mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, zilianza kanuni kali: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa manjano, sare za wafanyakazi, na marufuku ya kusimamisha abiria ndani ya gari. Ajali zilipungua kwa muda, na abiria walifurahi. Kanuni za mwaka 2014 zikataka wenye magari wawe katika kampuni au sacco yenye magari yasiyopungua 30. Sare tumevaa, beji tumevaa, sacco tumeandikwa ubavuni mwa gari. Lakini hesabu ya tajiri haikuguswa, nasi tukabaki watu wa kutwa tuliovaa sare.

Ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa muda unaotimia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Yasema pia kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, haki ya kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Wangapi hapa wameshika usukani wa gari moja mwaka mzima bila ya karatasi hata moja? Twaona mikono, twaweza kuishusha.

MABASI MAPYA YANAYOSEMWA

Mwaka 2017 iliundwa NaMATA, mamlaka ya usafiri wa Nairobi na kaunti za jirani, na ikapangwa mitaa mitano ya mabasi ya haraka yenye njia zake peke yake. Mitaa hiyo imepewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Twapenda wazo hilo, maana ni kurudi kwa basi la ratiba. Lakini tutazame kwanza kwa jirani.

Dar es Salaam ilikuwa na kampuni yake, DMT, mali ya Waingereza kama ilivyokuwa yetu. Serikali ya Tanzania ikaitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa kuwa UDA kwa mabasi ya mji na KAMATA kwa mabasi ya mikoani. UDA nayo ikashindwa kuutosheleza mji, daladala zikaruhusiwa mwaka 1983. Halafu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yakaanza katika Barabara ya Morogoro, na daladala zikaondolewa katika njia hiyo. Dereva wa daladala aliamka akakuta njia yake si yake tena. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hapone kwa kukaa akingoja. Apona kwa kuketi mezani kabla mgeni hajafika.

LA KUFANYA

Kwa hiyo, ndugu, twaleta mbele yenu mambo manne.

Kwanza, mshahara wa mwezi usiotegemea idadi ya abiria, ulioandikwa katika mkataba pamoja na saa za kazi. Atakaye kuongeza bakshishi kwa kazi nzuri na aongeze, lakini bakshishi isiwe ndiyo mshahara.

Pili, zamu mbili kwa kila gari linalofanya kazi mchana kutwa. Yule kijana wa skwodi anayeshika usukani wewe ukila chakula naye ni mfanyakazi, na aandikwe.

Tatu, kabla ya basi moja la haraka kuchukua abiria, orodha ya madereva, makondakta na mafundi wa njia hiyo itengenezwe, nao wafikiriwe kwanza katika kazi mpya na mafunzo yake. Tusingoje tuambiwe kwamba nafasi zimejaa.

Nne, na hili laanza kesho asubuhi bila ya kumwomba mtu: kila mmoja awe na daftari. Andika tarehe, namba ya gari, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na fedha ulizompa tajiri. Ukimtumia kwa M-Pesa, usifute ujumbe. Mahakama ya kazi haiwezi kuona jasho lako, lakini daftari inaweza kulisoma.

Mabasi 13 ya mwaka 1934 hayakuwa mengi, na hayakuwa yetu. Lakini yalikuwa na jambo moja tunalolihitaji: mtu mwingine, si dereva, ndiye aliyelipia kiti kitupu. Mwenye mali na akibebe kiti chake, kama anavyobeba faida yake. Sisi tutabeba abiria, salama na kwa wakati.

Daftari zipo mezani kwa katibu, kila mmoja achukue moja anapotoka. Umoja ni nguvu.