KOMPYUTA INAYOJIZIMA NA KUJIWASHA: TUPIME KABLA YA KUTIBU

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi wa kompyuta. Nimeona ni heri nizungumzie ugonjwa mmoja tu, kwa kuwa unasumbua majumba mengi na kuwatia watu hasara isiyo ya lazima. Unawasha kompyuta, inaanza vizuri, kisha kabla hujaifanyia kazi yoyote inajizima na kuanza upya. Inarudia hivyo mara kumi, mara ishirini, bila kufika.

Mwenye mali huibeba hadi kwa fundi. Wapo mafundi ambao hujibu bila hata kuiwasha: "Tufute kila kitu, tuweke Windows mpya." Ndugu zangu, huko ni kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Kufuta kwaweza kuondoa kasoro ya programu, lakini hakuwezi kuponya feni iliyokwama wala umeme dhaifu. Na vile vilivyokuwa ndani, yaani picha za marehemu, hesabu za kikundi, barua za miaka mingi, huenda visionekane tena.

Basi tuanze na kuelewa. Kompyuta ikiwashwa hupita hatua tatu. Kwanza, umeme hufika katika bodi kuu. Pili, programu ndogo iliyomo katika bodi hiyo, ambayo kwa desturi tunaiita BIOS, hukagua kumbukumbu, kibodi na diski. Tatu, BIOS huikabidhi kazi Windows iliyomo katika diski. Swali la kwanza la fundi mwema ni hili: safari inakatikia wapi?

Kuna kipimo kisichogharimu hata senti. Washa kompyuta, kisha bonyeza F2 au Delete mfululizo, kufuatana na aina yake, mpaka uingie katika ukurasa wa mipangilio ya BIOS. Iache hapo robo saa. Ikijizima hata hapo, Windows haina hatia, kwa maana haijaanza kazi. Mtuhumiwa ni umeme, joto, kumbukumbu au bodi yenyewe. Ikitulia hapo, lakini ikaanguka kila mara alama ya Windows inapotokea, elekeza macho zaidi kwenye programu na diski, ingawa kumbukumbu mbovu nayo yaweza kujificha hapo.

Jambo la pili. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, Windows imepangwa ijiwashe upya yenyewe inapopatwa na kosa kubwa. Maandishi ya kosa hupita upesi kabla hujayasoma. Katika XP na Windows 7, bonyeza F8 wakati wa kuwasha, kisha chagua kuzuia kujiwasha huko. Katika Windows 10 na 11, mashine ikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo utaikuta njia hiyo hiyo. Kosa likisimama kiooni, linakili. Dalili ya mvua ni mawingu.

Ikiwa mashaka yako ni juu ya vifaa, chomoa kwanza printa, flashi na kila kisichohitajika. Kisha toa waya wa umeme ukutani, fungua sanduku, gusa chuma chake ili kuondoa umeme tuli mwilini, na safisha vumbi katika feni. Vipande vya kumbukumbu vikiwa viwili, toa kimoja, jaribu, kisha badilishana. Kisanduku cha umeme jaribu kwa kuweka kingine kizima, wala usikifungue kamwe: vifaa vilivyomo huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea kompyuta yenye hesabu za miaka tisa za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alikwisha ambiwa mahali pengine kwamba lazima ifutwe, naye hakuwa na nakala. Wanachama walikuwa wamekwisha anza kunong'ona kwamba hesabu zimepotezwa makusudi. Niliiacha katika BIOS. Baada ya dakika sita ikajizima. Nilitoa kipande kimoja cha kumbukumbu, ikawaka mpaka mwisho. Kabla ya jambo lingine tulinakili hesabu zote katika diski ya nje. Hakuna lililofutwa, na heshima ya mzee ikabaki mahali pake.

Msidhani haya ni ya majumbani tu. Tarehe 19 Julai 2024, masahihisho yenye kasoro ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike yaliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Nyingi zilikuwa zikijiwasha na kuanguka tena na tena, hata safari za ndege zikafutwa. Mashine nyingi ziliponywa kwa kuziwasha katika ile hali salama ya Windows na kufuta faili moja tu lenye kasoro. Hata hivyo, wenye diski zilizofungwa kwa BitLocker walitakiwa kwanza kuwa na ufunguo wa tarakimu 48. Wazee wenzangu, kama diski yako imefungwa hivyo, andika ufunguo huo katika karatasi leo, ukauweke pamoja na hati za nyumba.

Nanyi vijana, mnapofanya majaribio katika maabara ya fizikia, mwalimu huwaambia mbadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuandika kilichotokea. Kazi yangu yote ni hiyo. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja huenda akaponya mashine, lakini hatajua ni kipi kilichoiponya, na mwenye mali atalipia vitu vitano.

Kwa hiyo, fundi akikuambia "tufute", muulize mambo mawili: umepima nini, na nakala ya vitu vyangu iko wapi? Kama hana jibu, chukua kompyuta yako urudi nayo nyumbani.