Mageuzi ya Mchoro wa Kanga na Hatima ya Kumbukumbu Zake katika Ukanda wa Pamba na Dhahabu

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya maofisa utamaduni, maofisa maendeleo ya jamii na viongozi wa vyama vya ushirika wa mikoa ya Shinyanga na Geita

1. Utangulizi na maana ya istilahi

Kanga ni kitambaa cha pamba chenye urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa sentimita 110, kinachouzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana ambavyo mnunuzi huvikata na kuvipinda. Sehemu zake tatu zinafahamika kwa kila mshiriki: pindo, ambalo ni ukingo unaozunguka pande zote nne, mji, ambao ni uwanja wa kati, na jina, yaani maandishi yanayokaa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Maana hizo hazihitaji kurefushwa, kwa kuwa tatizo la kanga katika mikoa hii halitokani na kutojulikana kwa sehemu zake, bali kutojulikana kwa watu waliozichora.

2. Historia kwa ufupi

Kabla ya kanga, nguo zilizofika Usukuma kwa misafara ya pwani zilikuwa hasa merikani, yaani nguo ya pamba isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar kutoka Marekani, na kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyokoza ambayo wanawake wa Kisukuma waliivaa kwa muda mrefu. Kanga yenyewe ilizaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, pale wanawake walipounganisha leso za dukani ili kupata nguo moja pana, na baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo hiyo ichapwe ikiwa nzima. Jina liliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kisutu, kanga ya harusi ya pwani yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, imebaki bila jina na bila mabadiliko makubwa hadi leo.

Kwa miongo mingi uchapaji ulifanyika India, Uholanzi, Uingereza na Japani. Baada ya Uhuru, Kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, pamoja na Mwatex cha Mwanza, viliwezesha pamba ya Usukuma kusokotwa, kufumwa na kuchapwa bila kuvuka bahari.

3. Tatizo la kumbukumbu

Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania hulimwa katika Kanda ya Magharibi, ambamo Shinyanga na Geita zimo, lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi huondoka ikiwa katika marobota. Jambo hilo limejadiliwa sana, na ni haki lijadiliwe. Lisilojadiliwa ni mchoro. Vikao vya pamba huzungumzia bei ya kilo, mbegu, viuatilifu na mizani, na suala la michoro linapofikishwa mezani husogezwa kwenye mengineyo, mahali ambapo muda huwa umekwisha.

Uhai wa mchoro wa kanga hutegemea vitu viwili: skrini, yaani kiunzi cha kupitishia rangi, ambapo kila rangi huwa na skrini yake, na kitabu cha sampuli kinachoonyesha mchoro, rangi na tarehe. Kiwanda kinaposimama bila vitu hivyo kukabidhiwa kwa mtu, michoro ya miaka mingi hubaki bila ushahidi wowote isipokuwa nguo zilizochakaa masandukuni mwa akina mama.

Hapo ndipo mnakili anapopata nafasi. Doti moja hupelekwa nje, hupigwa picha na kuchapwa upya, mara nyingi juu ya kitambaa chenye polyesta kisichonyonya jasho. Mnunuzi wa Katoro au Kahama anaweza kuitambua nguo hiyo akiikunjua: mistari ya pindo haikutani vizuri pembeni, nyeusi imevuka mpaka wake na kuingia kwenye nyekundu, upande wa nyuma umepauka, na wakati mwingine jina lina herufi iliyokosewa. Hata hivyo huinunua, kwa kuwa ni nafuu, na hakuna sheria inayomtaka mnunuzi awe mpelelezi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa tumizi, yaani sanaa iliyowekwa kwenye kifaa cha matumizi, lakini anayedai haki lazima aonyeshe nani alichora na lini. Kanga haibebi taarifa hizo. Hata alama maarufu ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ya duka lililoanza Mombasa mwaka 1887, humtambulisha mfanyabiashara; mchoraji hatajwi.

Mada hii haikusudii kuilaumu taasisi yoyote. Inapaswa kusemwa, hata hivyo, kwamba kila mwaka taasisi za umma, vyama na migodi huagiza kanga na vitenge kwa ajili ya Siku ya Wanawake Machi 8 na Mei Mosi, na kwamba hati ya ununuzi hutaja idadi ya doti, bei na kaulimbiu, huku mchoraji akiachwa. Nguo hugawiwa, sherehe huisha, na ofisi iliyolipa haibaki na hata kipande kimoja.

4. Mapendekezo

Inapendekezwa kwanza kwamba kila hati ya kuagiza kanga au kitenge iwe na mstari wa jina la mchoraji na mwaka, na kwamba malipo yasikamilishwe bila mstari huo kujazwa. Halmashauri, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zivitake vikundi vya batiki vinavyokopa viweke daftari la michoro, kwa sababu daftari hilo ndilo ushahidi mbele ya sheria. Vyama vya ushirika viiombe Bodi ya Pamba ilipe suala la michoro ajenda yake, nje ya mengineyo. Migodi ya Geita, ambayo kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 hukubaliana na halmashauri juu ya mipango ya uwajibikaji kwa jamii, iombwe kugharimia upigaji picha wa kanga za zamani zilizo mikononi mwa familia, kwa ridhaa yao. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora ifikiriwe kuwa mahali pa kuhifadhia. Na inarudiwa, kwa kuwa imeshasemwa bila kutekelezwa: jina la mchoraji liandikwe.

Utekelezaji wa pendekezo la kwanza hauhitaji bajeti mpya wala kibali kutoka wizarani. Maofisa walioshiriki semina hii wanaombwa kwamba, nguo za Machi 8 ijayo zitakapofika, kabla ya kugawiwa, kila ofisi itoe doti moja, ibandike karatasi yenye jina la mchoraji, kiwanda na mwaka, na kuifungia kabatini.