Kazi ya Kila Siku ya Wazima Moto wa Kujitolea

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya semina ya vikundi)

Nimepewa nusu saa, na najua baada yangu ni chai, kwa hivyo sitawachosha.

Mwenyekiti alitaka niongee juu ya mikopo. Nilimwomba radhi. Juu ya mikopo mmenisikia miaka mingi, hata wengine wenu sasa mnaweza kunifundisha mimi. Leo tuongee juu ya wale watu wanaozima moto bila kulipwa. Na sitaki sana kuwaambia wanafanya nini siku ya moto. Nataka tuone wanafanya nini siku ile ambayo hakuna moto.

Nianze na nyumba moja. Sitataja kijiji wala jina, maana wenyewe bado wana uchungu. Mnajua mwezi wa Julai huku kwetu milimani baridi ilivyo. Nyumba ni za mbao, na ndani tunabandika magazeti na maboksi kuzuia upepo. Mama aliingiza jiko la makaa ndani watoto wapate joto, usingizi ukamchukua. Saa nne usiku zikasikika kelele.

Watu walikuja. Naomba mlishike hilo. Kwa dakika chache palikuwa na watu kama sitini, wengine miguu mitupu. Huyu ana ndoo, yule ana sufuria, mwingine amepanda juu ya mabati na panga na hakuna aliyemtuma. Tangi la maji la shule ya chekechea lilikuwa hapo jirani, lakini lina kufuli, na mwenye ufunguo analala ng'ambo ya mto. Basi watu wakateremka mtoni mmoja mmoja, wakigongana gizani kwenye kijia, na maji nusu yakimwagika njiani.

Mama alitolewa, na watoto wawili. Mtoto wa tatu, wa miaka minne, kila mtu alijua yuko kwa nyanya yake. Nyanya naye alipofika mbio alijua mtoto yuko kwa mama yake. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Tulimpata asubuhi.

Mama huyo alikuwa mwanachama wa kikundi nilichokuwa nikikitembelea kila mwezi. Kitabu chao kilikuwa safi kabisa, mimi ndiye niliyewafundisha kukitunza. Kilionyesha nani amelipa shilingi 50 za mzunguko, nani amechelewa, nani ana faini ya kuongea wakati wa mkutano. Lakini usiku ule kati ya watu sitini hapakuwa na hata mmoja wa kusimama na kuuliza: humu ndani hulala wangapi? Hilo limenikaa mpaka leo.

Wakati huo tulikuwa na sista mmoja hapa parokiani, mzaliwa wa Chile, ile nchi ndefu nyembamba ya Amerika ya Kusini. Baada ya mazishi aliniuliza, "Kikosi chenu cha moto kina watu wangapi?" Nikamwambia sisi hatuna kikosi, kuna gari la zimamoto nalo liko mbali. Akanitazama kama mtu asiyeelewa. Kwao, akasema, wazima moto wa mijini na vijijini ni watu wa kujitolea. Nilidhani anatia chumvi kidogo, lakini nilipotafuta kusoma nikakuta ni vile vile alivyosema.

Kikosi chao cha kwanza kilianzishwa katika mji wa bandari wa Valparaíso mwaka 1851. Katika mji mkuu, Santiago, walianza kwa machozi kama sisi. Tarehe 8 Desemba 1863, sikukuu ya Bikira Maria, kanisa la Majesuti lilijaa watu wa ibada ya jioni, nalo limepambwa taa nyingi ajabu na mapambo mepesi ya kushika moto. Moto ulipowaka watu walijazana milangoni wakakwama. Walikufa kama 2,000, wengi wao akina mama. Siku chache baadaye bwana mmoja alitoa tangazo gazetini akiita vijana wanaotaka kuunda kikosi, na tarehe 20 Desemba, siku 12 tu baada ya msiba, kikosi kikaundwa. Mpaka leo kipo. Nchi nzima sasa ina vikosi zaidi ya 300 vya namna hiyo.

Sasa sikilizeni wanavyoishi. Huyu ni mwalimu, huyu ni fundi wa magari, yule ni mwanafunzi wa chuo. Mchana kila mtu yuko kwa kazi yake. Usiku baadhi yao hulala kituoni kwa zamu, viatu vimepangwa kando ya kitanda, na asubuhi wanaoga na kwenda kazini. Hawapokei mshahara. Tena wao wenyewe hulipa ada ya kila mwezi ili wawe wanachama! Naona mnacheka. Hata mimi nilimcheka sista. Kwa kawaida anayelipwa pale ni dereva anayekaa kituoni kulitunza gari, maana gari halitunzwi na mtu wa kupita.

Wana kapteni, katibu na mweka hazina, na huwachagua wenyewe. Wana rejista. Kila moto na kila zoezi, majina huandikwa: nani alifika. Anayehudhuria vizuri miaka 5 hupewa tuzo, miaka 10 vile vile, na wako wazee waliofikisha miaka 50. Siyo pesa, ni nishani tu, lakini sista alisema babu yake aliivaa kifuani kila sikukuu.

Na kazi yenyewe? Kwa sehemu kubwa ni kuosha. Mpira wa maji ukitoka kwenye moto husafishwa, huanikwa ukauke, ndipo ukunjwe, maana ukikunjwa na maji unaoza, na siku utakapouhitaji unapasuka. Kuna kujaza mafuta kwenye gari, kupima upepo wa magurudumu, kuhesabu kofia ngumu na shoka na ngazi, kuwasha pampu ambayo haikutumika wiki nzima ili kuona kama inaitika. Halafu mazoezi, jambo lile lile tena na tena mpaka mkono ulijue gizani. Halafu kutafuta pesa, na hilo ndugu zangu halina nchi. Serikali yao huchangia, na tangu mwaka 2012 kuna sheria maalum juu ya wazima moto, lakini bado utawakuta barabarani na kopo la michango au wakiuza tikiti za bahati nasibu.

Sisemi wao ni malaika. Februari 2024 mioto mikubwa ilipiga upande huo huo wa Valparaíso, wakafa watu zaidi ya 130. Mwezi wa Mei polisi wakamkamata kijana mmoja wa kikosi cha kujitolea, akashtakiwa kwamba alishiriki kuuanzisha. Sista alikuwa amesharudi kwao. Alinipigia simu na hakuweza kuongea vizuri. Nami nikafikiria kwamba watu hawa tunawaruhusu waingie nyumbani mwetu usiku, wavunje mlango, wabebe vyombo vyetu nje. Ndiyo maana mtu haandikishwi tu kwa sababu ana nguvu.

Turudi kwetu. Baada ya msiba ule vikundi vitatu vya pale vilikutana, na watu 22 wakaandikisha majina. Mkutano wa pili swali la kwanza lilikuwa, pesa ya kikao ni ngapi? Nilipojibu kwamba hakuna, wengine walikumbuka wana ng'ombe wa kukamua. Baada ya miezi sita walibaki 11. Wengi wao walikuwa akina mama, na vijana wawili wa boda boda.

Hatukuwa na pesa za gari wala pampu. Tulinunua ndoo 24, tukazipaka rangi nyekundu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi zinahesabiwa. Mwezi wa tatu zilikuwa 19. Tano zilipatikana kwenye harusi, moja ina njugu. Kulikuwa na maneno makali siku hiyo! Tukatunga faini, na mama mwenye harusi akalipa, lakini alininunia mpaka Krismasi. Ufunguo wa tangi la chekechea sasa uko nakala tatu, katika nyumba tatu, na kila mwezi kufuli linafunguliwa kweli ili tujue halijashika kutu. Kuna magunia ya kulowesha, kuna mti mrefu wenye kulabu wa kuvutia mbao na mabati bila kusogea karibu. Ndio mali yetu yote.

Jambo lililotushinda mwanzoni ni kuandika wanaolala kila nyumba. Mzee mmoja alituuliza, "Nyinyi mnataka kujua nani analala kwangu kwa nini?" Na wengine walikuwa na sababu zao, tusiingie huko. Mwishowe tuliacha kuandika. Badala yake kila boma lina mti wake au jiwe lake. Kukiwa na moto wote wa nyumba wanakimbilia pale, hakuna kurudi kuchukua simu wala godoro, na mwenye nyumba anahesabu kwa sauti. Mmoja wetu anasimama naye pale na haondoki mpaka hesabu itimie. Kazi hiyo tulimpa mama mmoja wa makamo ambaye hanyamazishwi kirahisi.

Filimbi tatu ndefu ni moto. Kijana mmoja wa boda boda anapiga simu 999 au 112, kisha anakwenda kusimama pale barabara kuu ili gari la zimamoto lisipotee kwenye vichochoro. Tangu katiba ya 2010 kazi ya zimamoto ni ya kaunti, na hatukuunda kikundi ili tuwanyang'anye. Waende vikundi wawaone, waombe mafunzo. Kikundi chenye cheti cha usajili husikilizwa haraka zaidi. Waliobaki wanapanga mistari miwili: ndoo zilizojaa zinapanda kwa mkono, tupu zinashuka kwa mstari wa pili, hakuna mtu wa kukimbia. Ndani haingii mtu peke yake, na paa likianza kulegea haingii mtu kabisa. Hilo nalisema kwa ukali kwa sababu vijana wanapenda kusifiwa.

Kuna moto mwingine ambao kazi yetu ni kutousogelea. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilianguka na watu wakaenda kuchota. Likalipuka, wakafa zaidi ya mia moja. Siku kama hiyo mzima moto wa kijiji anasimama mbali barabarani, mikono ameitanua, anamrudisha ndugu yake mwenyewe aliyebeba mtungi. Atatukanwa. Tumefanya zoezi la hilo pia, la kutukanwa, na lilichekesha sana, lakini si rahisi.

Mengine kwa haraka. Mafuta ya sufuria yakiwaka, usitie maji, funika. Stima ikiwa ndiyo chanzo, zima swichi kuu kwanza. Aliyeungua, mwagieni maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 kamili, kisha hospitali. Msimpake dawa ya meno, siagi wala kinyesi cha ng'ombe. Najua bado tunafanya.

Mwaka jana filimbi ililia alasiri. Jiko la nje na ghala la mahindi lilikuwa linawaka. Mistari ilipangwa, ingawa mmoja ulivunjika mara mbili watu walipoacha ndoo kutazama. Magunia manane yaliteketea. Nyumba kubwa ilipona. Chini ya mwembe, kumbe ni mparachichi, hesabu ilikuwa saba na inatakiwa nane. Yule mama akapiga kelele mpaka kila mtu akasimama: babu hayuko! Dakika hiyo niliiona nyumba ile nyingine. Wawili walikuwa wameshajifunga magunia yenye maji waingie, ndipo babu akatoka chooni akifunga mshipi, akiuliza kuna nini.

Gari la kaunti lilifika tukiwa tumemaliza, wakamwagia makaa yaliyobaki na wakawaonyesha vijana makosa yetu, bila kutudharau. Kesho yake ilikuwa siku ya kuosha ndoo na kutenga zilizopasuka. Kati ya wale 11 walikuja wawili. Katibu amenituma niseme hilo hapa mbele ya watu, na nimelisema.

Anayetaka kuona tunavyofanya, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakuwa kwenye tangi la chekechea saa tatu asubuhi. Uje na ndoo isiyovuja. Na tukikuuliza pale langoni nyumbani kwako usiku wa jana walilala wangapi, uwe unajua.