Watoto Uliwaacha na Nani?

Mazungumzo kwenye chakula cha jioni cha kuchangia bweni, Dar es Salaam

    

Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyojiandaa kwa matembezi yetu ya hisani ya mwaka jana, Mombo hadi Mlalo kwa siku mbili, huku nina kazi, mume na watoto watatu, mdogo akiwa bado ananyonya. Nadhani alitaka nizungumzie viatu. Viatu nitavifikia. Lakini tangu tuliporudi, swali ninaloulizwa kuliko yote si la viatu. Ni hili: "Watoto uliwaacha na nani?" Njiani tulikuwa na akina baba wengi, baadhi wana watoto wadogo kuliko wangu. Nimewauliza mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. Hata hivyo sijalichukia swali. Ni swali zuri, na nusu ya maandalizi yangu yalikuwa kulitafutia jibu.

Kwanza tukumbushane tunatembea kwa ajili ya nini. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi baada ya mpango wa MMES kuanza mwaka 2004 zilileta sekondari karibu na watu. Lakini ninyi mnaijua milima yetu. Shule unaiona ng'ambo ya bonde, kengele yake unaisikia, na bado kuifikia ni saa mbili za kushuka na kupanda. Mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne. Umbali haukuondolewa. Binti wa kaka yangu yupo kidato cha pili. Anatoka nyumbani kukiwa bado giza, na akirudi anakuta ndoo na kuni zinamsubiri. Mwenzake mmoja wazazi walimpangia chumba karibu na shule, msichana wa miaka 15 anajipikia mwenyewe na kujifungia mlango mwenyewe. Hakumaliza shule. Sitasema zaidi, wazee wamenielewa.

Sasa, na mimi nina binti. Yupo darasa la sita. Siku niliyoiambia familia kwamba nataka kutembea, mtu wa kwanza kusema "mimi nitabaki na mtoto" alikuwa yeye. Nilifurahi, kisha nikakaa nikafikiri. Maandalizi ni wiki kumi na sita. Jumamosi kumi na sita, pamoja na jioni tatu za kila wiki. Kama zote zitakuwa juu yake, basi mimi nitakuwa natembea ili wasichana wa Mlalo wapate muda wa kusoma, huku nauchukua muda huohuo kwa msichana wa nyumbani kwangu. Nikaweka sharti moja, na ndilo ninalowaachia leo kama hamtakumbuka kingine: matembezi haya yasilipwe na mabinti zetu. Binti yangu angesaidia kama kaka yake wa miaka saba anavyosaidia. Ulezi ungekuwa wa watu wazima.

Hapo ndipo ikabidi nizungumze na shemeji yenu. Mnamfahamu, ni mtu wa Kisarawe, Mlalo amefika mara mbili tu na mara zote mbili alilalamikia baridi. Ni fundi seremala, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanapokuja karakana. Aliniuliza kwa upole kabisa: "Mama, kwa nini usitoe tu hela?" Tuliongea jioni mbili. Hesabu yake ilikuwa sahihi: akifunga karakana Jumamosi hadi adhuhuri kwa wiki kumi na sita, hasara hiyo ni kubwa kuliko mchango ambao sisi wawili tungeweza kutoa. Nikamjibu kwamba fedha zetu sisi ni zetu tu, ila mtu anayetembea huchota kwenye mifuko ambayo haijawahi kuisikia Mlalo. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Gari alikuwa nalo. Lakini nani angetoka nyumbani kwake kwenda kuangalia gari linapita?

Akakubali, kwa makubaliano kwamba adhuhuri ikifika niwe nimerudi, si niwe njiani narudi. Nilipoanza kuijaza kadi yangu ya ahadi nilitamani kuwe na safu ya kuandika "Jumamosi za baba watoto". Hakuna safu hiyo, Mweka Hazina, lakini mchango ule ni wa kweli.

Nikaanza katikati ya Aprili, masika imechachamaa, na tope la Kimara mnalijua. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Magomeni na narudi nyumbani kwa mwendokasi. Siku tatu kwa wiki nilishuka Ubungo badala ya Kimara Mwisho, nikamaliza kwa miguu. Ule mpando wa kwenda Kimara kwa basi huuhisi, kwa miguu unautambua. Mwanzoni nilitumia saa moja na nusu na kitu, nikafika nikiwa sina hata sauti ya kumfokea mtu. Siku hizo tatu jirani yangu alikaa na mtoto, nami nikawafundisha wanawe hesabu Jumapili alasiri. Hakukuwa na fedha kati yetu, na hakuna aliyejiona anamtumikia mwenzake.

Jumamosi ilikuwa siku ya safari ndefu. Wiki ya kwanza saa mbili, na kila wiki nikaongeza kama nusu saa. Kila wiki ya nne nilipunguza ili mwili upumzike, na hili msilipuuze, kwani misuli hupona na kupata nguvu wakati wa kupumzika. Dar es Salaam ni tambarare, sisi tunakwenda kupanda kutoka mita kama 400 pale Mombo hadi karibu 1,400 pale Lushoto, kwa kilomita zipatazo 33. Kwa hiyo nilitafuta vilima: barabara ya Mbezi Mwisho kwenda Goba inapanda na kushuka vya kutosha. Wiki za mwisho nilitembea Jumamosi na tena Jumapili alfajiri, kwa sababu matembezi yetu ni ya siku mbili na miguu inahitaji kufundishwa kuamka ikiwa imechoka. Kupita wote, siku ya kwanza mtu anatembea kwa furaha. Ya pili, ule mlima wa Magamba asubuhi baada ya kulala Lushoto, ndiyo inayohitaji mazoezi.

Kuhusu kunyonyesha, wazee mniwie radhi, lakini kuna dada wengi hapa wameniuliza faraghani. Mtoto alikuwa na miezi minane nilipoanza, ameshaanza uji. Kutembea hakukauki maziwa. Nilimnyonyesha kabla ya kutoka, kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia, kwani kifua kilichojaa kinauma kila hatua. Safari zilipozidi saa tatu nilikamua nikaacha. Na nilikunywa na kula zaidi, maana mwili ulikuwa unafanya kazi mbili. Wiki ya tisa alipata homa. Sikutoka siku kumi. Wenzangu wa kundi walidhani nimeacha. Siku kumi hazifuti wiki nane, nilirudi pale nilipoishia na kuendelea. Anayelea watoto apange wiki mbili za ziada tangu mwanzo, kwa sababu homa itakuja, au mitihani, au msiba.

Viatu sasa. Zangu ni raba za mtumba kutoka Ilala, na sizioneni haya. Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo mteremko utang'oa kucha. Zianze kuvaliwa miezi miwili kabla. Aliyekuja Mombo na viatu vipya vya dukani tulimpakia kwenye gari la huduma kabla ya Soni. Soksi za pamba tupu hushika jasho, na jasho ndilo linaloleta malengelenge. Pakeni mafuta ya mgando vidoleni na popote ngozi inaposuguana. Ukihisi sehemu inaunguza, simama hapohapo ubandike plasta. Usiseme "nitafika kwanza". Maji ya kunywa yawe na chumvi kidogo na sukari, kwa sababu anayekunywa maji matupu siku nzima huku anatoka jasho anaweza kuugua pia. Chakula nilichokiamini ni viazi vitamu vya kuchemsha, karanga na ndizi mbivu.

Na barabara ile jamani ni nyembamba na kona zake mnazijua. Tembeeni upande wa kulia, muyaone magari yanayokuja usoni, mkiwa na vizibao vinavyoakisi mwanga. Kona iliyojificha, hamieni upande wa nje ili dereva awaone mapema. Malori ya kabichi na karoti yanayoshuka kwenda Kariakoo hayana subira.

Nirudi kwenye fedha, kwa sababu ndizo zilizotuleta hapa. Nilidhani watu watachangia siku ya matembezi. Sivyo ilivyokuwa kwangu. Yaliyochangisha ni mazoezi. Kwa miezi minne watu wa njia ya Ubungo waliniona napita na mkoba mgongoni. Wazazi wa wanafunzi wangu waliuliza, "Mwalimu, mwendokasi imeharibika?" Kila aliyeuliza nilimweleza habari za bweni kwa dakika mbili, bila kuomba. Mama ntilie mmoja, ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, alijiandikisha shilingi 100 kwa kila kilomita na akalipa kidogo kidogo hadi akamaliza. Walimu wenzangu walishindana. Fundi rangi wa karakana ya mume wangu alisema atalipa mara mbili nikimaliza siku ya pili, nadhani akiamini sitamaliza. Amelipa. Watu hao wote hawapo ukumbini usiku huu na hawana ndugu Mlalo. Sisi wenyewe tumeshachangishana mno, tunajuana hadi mifuko.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa Kamati, na nimemwambia Mwenyekiti kwamba nitayasema hadharani. La kwanza: tupange ulezi kama tunavyopanga maji na gari la huduma. Mwaka jana nilimwacha mdogo kwa baba yake Kimara, amekuwa na mwaka mmoja, na nilikuwa na bahati ya kuwa na mume wa namna ile. Wapo dada zetu wenye uwezo wa kutembea wasio na bahati hiyo. Lushoto tuna shangazi na mama wadogo wengi. Nyumba moja pale, kina mama watatu wa kulipwa posho, na mama anayenyonyesha anamkuta mwanawe jioni ya siku ya kwanza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya fulana tulizochapisha.

La pili ni kwa akina baba. Wengi wenu mtatembea, na tunawashukuru. Kabla ya kujiandikisha, ongeeni nyumbani ni nani atakayebeba Jumamosi zenu. Kama jibu ni "mama yupo", basi na yeye apate Jumamosi zake, atembee au alale, ni juu yake. Kama jibu ni binti wa darasa la sita, rudini mkafikiri tena.

Matembezi ya mwaka huu ni mwishoni mwa wiki ya Nane Nane, Mombo tunaondoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya joto. Mazoezi ya pamoja yanaanza Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, saa kumi na mbili asubuhi, tukikutana Mbezi nje ya stendi ya Magufuli, na wa Mbagala na Gongo la Mboto waunde kundi lao, wasisubiri sisi. Anayekuja na mtoto aje naye. Jirani yangu amekubali kukaa nao nyumbani kwangu zamu mbili kwa mwezi, na baba watoto amechukua nyingine mbili. Tunahitaji mtu wa zamu ya tano kwa miezi yenye Jumamosi tano. Kadi za ahadi ziko mezani karibu na mlango, na kwa Mweka Hazina kuna karatasi ya kujiandikisha kulea. Nimeangalia nikiingia, ina majina mawili tu.