Maji Twahara na Maji Salama

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vinavyoonekana kwa macho na visivyoonekana. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyeifuata njia yao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi akina mama, wazee na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani na vyuoni. Najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tutazungumza juu ya maradhi ya kipindupindu: kiini chake kinaishi wapi, kinaongezeka vipi, na kinatoka vipi kwa huyu kikamfikia yule.

Tumezoea kuuliza swali moja tu juu ya maji: Je, ni twahara? Swali hili ni la haki, na sala haisihi bila ya kulijibu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, maji yaliyofika kulateni, yaani kadiri ya lita 200, yakiingiwa na najisi nayo yasibadilike rangi, wala utamu, wala harufu, hubaki katika utwahara wake. Hukumu hii ni rehema, maana dini haikukusudia kumtia mja katika uzito. Lakini tuzingatie ni hukumu ya jambo gani. Ni hukumu ya kusihi udhu na josho. Mwanachuoni hakusema kwamba maji hayo hayawezi kumdhuru anayeyanywa. Basi liko swali la pili, nalo ni hili: Je, maji haya ni salama?

Kiini cha kipindupindu ni aina ya bakteria. Urefu wake ni kama sehemu mbili au tatu za milimita moja iliyogawanywa sehemu elfu. Umbo lake limepinda mfano wa alama ya mkato, na kina mkia mmoja mwembamba wa kuogelea. Makao yake ya asili ni maji ya mwambao na ya midomo ya mito, pale maji matamu yanapochanganyika na ya chumvi, na huko hujishikiza katika wadudu wadogo wa majini. Kiini hiki hakibadilishi rangi ya maji, wala utamu, wala harufu. Zile alama tatu tunazozitegemea katika utwahara hazituambii lolote juu yake.

Mwaka 1854 mji wa London ulipatwa na kipindupindu. Katika mtaa mmoja, karibu na bomba la maji la Broad Street, walikufa zaidi ya watu 500 kwa muda wa siku kama kumi. Wakati huo matabibu wengi waliamini kwamba maradhi haya huletwa na hewa chafu. Tabibu mmoja, John Snow, alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakinywa maji ya wapi. Akampata mjane mmoja aliyekuwa akiishi mbali kabisa na mtaa ule, naye amekufa kwa maradhi yale yale. Ilibainika kwamba mama yule alikuwa akiletewa maji ya bomba lile kila siku kwa sababu aliyapenda utamu wake. Tazameni, ndugu zangu: utamu uliomvutia haukumwonya. Mpini wa bomba ukaondolewa. Na mwaka 1884 Robert Koch, mtaalamu wa Ujerumani, baada ya uchunguzi alioufanya Misri na Bara Hindi, alitangaza kuwa kiini chenyewe amekipata.

Sasa tutazame namna kinavyoongezeka. Kiini hiki hakina dume wala jike. Kikishiba na kupata joto hujigawa, kimoja kikawa viwili, na viwili vikawa vinne. Tukikisia kwamba kila nusu saa hujigawa mara moja, basi kiini kimoja kilichoingia katika chungu cha chakula saa tatu za usiku, ifikapo saa moja ya asubuhi vitakuwa vimezidi milioni moja. Ndiyo maana chakula kilichopikwa vizuri kisha kikalala bila ya kufunikwa chaweza kugeuka kuwa hatari, hali ladha yake ni ile ile.

Vikiingia tumboni, vingi huuawa na asidi ya tumbo. Vinavyosalimika hushuka mpaka utumbo mwembamba, hujibandika humo na kutoa sumu. Sumu hiyo huufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili badala ya kuzihifadhi. Mgonjwa huharisha choo mfano wa maji ya mchele, na asipotibiwa upesi huweza kufa kwa muda wa saa chache kwa kukaukiwa na maji. Na katika kila tone la choo hicho mna viini vingi mno, vikitafuta njia ya kumfikia mwingine.

Njia hiyo ni ipi? Kiini hiki hakina miguu wala mbawa. Sisi ndio tunaokitembeza. Mvua hukusomba kutoka katika choo kisichochimbwa sawasawa kikaingia kisimani. Mkono usiooshwa hukitoa chooni hukipeleka jikoni. Na wengi walioambukizwa hawaumwi kabisa, lakini hukitoa katika choo chao kwa siku kadhaa, wakikitawanya bila ya kujua. Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka Makka wakati wa Hija. Inakadiriwa mahujaji wapatao 15,000 walifariki, kisha kikapanda meli pamoja na waliorejea makwao, kikafika Misri na Ulaya. Na hapa kwetu Tanzania, baina ya mwaka 2015 na mwanzo wa 2018, watu zaidi ya 33,000 waliugua na zaidi ya 500 walikufa.

Ndugu Waislamu, huenda mtu akasema: Nitajilindaje na nisichokiona? Jawabu tumefundishwa zamani. Mtume wetu, s.a.w., amemkataza anayeamka usingizini kuutia mkono wake chomboni kabla ya kuuosha mara tatu. Na sababu aliyoitaja ni kwamba mtu huyo hajui mkono wake ulikuwa wapi usiku. Hakusema kwamba mkono una najisi inayoonekana. Amesema kwamba mwenyewe hajui, na kutojua peke yake kumetosha kuwa sababu ya kuosha. Kadhalika amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na kwenda haja penye maji ya watu na njia zao, na ameamrisha vyombo vifunikwe usiku. Haya ndiyo mafunzo ya kujihadhari na kisichoonekana.

Basi tuyatimize. Kwanza, tuanze na msikiti wetu. Birika letu na lisafishwe, lifunikwe, na litiwe klorini kwa kipimo cha wataalamu wa afya. Wakati wa maradhi, maji ya kusukutua yawe yaliyotibiwa, na tutawadhe kwa maji yanayomiminika, tusichovye mikono yetu pamoja katika hodhi moja. Wala asiwepo mzee wa msikiti wa kuona kwamba anatukanwa akiambiwa maji ya msikiti yapimwe.

Pili, majumbani. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na yatekwe kwa kata, si kwa kuchovya kikombe na vidole. Na tukumbuke: mkono uliostanjia, ukimiminiwa maji ikaondoka najisi pamoja na harufu yake, umetwaharika. Lakini viini huenda vikabaki mpaka uoshwe kwa sabuni. Utwahara ni sharti la sala, na sabuni ni amana ya wale unaokula nao.

Tatu, mgonjwa asifichwe. Iko aibu iliyotuingia, mtu akaona kipindupindu ni fedheha kwa nyumba yake, akafunga mlango mpaka mgonjwa akafa. Aibu hii haina asili katika dini. Mtume, s.a.w., ametufundisha kwamba Mwislamu anayekufa kwa maradhi ya tumbo huhesabiwa katika mashahidi. Vipi basi tumwonee haya mtu mwenye daraja hiyo? Na kifo chenyewe mara nyingi chazuilika kwa idhini ya Mola. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon huko India, tabibu Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani, akawanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya vinne. Kipimo cha nyumbani ni lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo, huku akipelekwa hospitali bila ya kuchelewa.

Nne, maiti. Hili ni zito, kwa sababu kila mtu apenda kumwosha mzazi wake kwa mikono yake. Lakini mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado una viini. Basi waoshaji wawe wachache, wavae mipira ya mikononi, watumie klorini, mbali na kisima, na aliyeosha asiingie jikoni kupika chakula cha matanga. Na ikiwa matabibu wamethibitisha kwamba kuosha kutaleta madhara, wanazuoni wetu wameeleza kwamba maiti hutayamamishwa. Kisha atavikwa sanda, atasaliwa na kuzikwa, na haki yake haikupungua.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni, alishauriana na masahaba kisha akarudi na watu wake. Akabainisha kwamba kuiepuka hatari nako kumo ndani ya kadari ya Mwenyezi Mungu. Basi asijitetee mtu kwa kadari hali kisima chake ki wazi na choo chake kinavuja kwa jirani.

Ewe Mola wetu, tutwaharishe nyoyo zetu na miili yetu. Waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, yasalimishe maji yetu na vyakula vyetu, wala usitujaalie kuwa sababu ya madhara kwa waja wako. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.